Mtu na Kosa Lake: Kitubio, Kunyolewa na Tuhuma za Uchawi katika Bonde la Kilombero

Fundisho la Kikristo la kumpenda mtu na kulikataa kosa lake ni la kale. Augustino wa Hippo, katika barua aliyowaandikia watawa wa kike mwanzoni mwa karne ya 5, alitaka maonyo yatolewe kwa kumpenda mtu na kuuchukia uovu. Hata hivyo, fundisho hilo huchukulia kwamba kosa limekwisha kujulikana. Insha hii inachunguza mazingira ambamo kosa lenyewe ni tuhuma, yaani uchawi katika Bonde la Kilombero.

Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Kwiro, katika milima ya Mahenge iliyo juu ya bonde, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nafasi yao ilichukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, na Ifakara ikakua kuwa kituo kikubwa cha dini na tiba. Pamoja na misheni ilikuja sakramenti ya kitubio: mwenye dhambi huungama, huondolewa dhambi, kisha hurejea kwenye meza ya Bwana.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na njia yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliadhibu vitendo vya uchawi na pia kumtuhumu mtu kinyume cha utaratibu, na ilimruhusu mtawala wa wilaya kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali pengine. Hapo mtu na kosa viliondolewa pamoja.

Wakazi wa bonde walikuwa na njia ya tatu: kunyolewa. Mwanaanthropolojia Maia Green, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wapogoro kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ameeleza jinsi watu walivyosafiri hadi Ihowanja kwa mganga mwanamke aliyeitwa Kalembwana. Huko mtuhumiwa alinyolewa nywele na kupewa dawa iliyoaminika kuuzima uchawi wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtuhumu naye alinyolewa. Kisha wote wawili walirudi kijijini.

Kanisa Katoliki lilikipinga kitendo hicho, kwa kuwa kilihusisha imani katika dawa za mganga. Hata hivyo, Wakatoliki waliendelea kwenda. Kueleza hali hiyo kwa udhaifu wa imani pekee hakutoshi. Kitubio humhitaji mtu anayekubali kosa lake. Mzee anayetuhumiwa kumuua mtoto wa jirani hana la kuungama, na ukimya wake hauwatulizi majirani. Kunyolewa hakukudai ungamo wala ushahidi. Kuliwawezesha watu waliokwisha kuogopana kuendelea kuchota maji kisima kimoja.

Uzito wa jambo hili huonekana ukilinganishwa na Usukuma, ambako vikongwe wengi waliotuhumiwa wameuawa kwa mapanga. Hoja ya insha hii si kwamba kunyolewa kulikuwa haki: asiye na hatia alitoka huko akiwa na alama ya mchawi aliyezimwa. Hoja ni kwamba desturi hiyo ilifichua pengo katika namna fundisho lilivyotumika. Kanisa lilielekeza macho kwa mkosaji. Bonde lilijua kwamba mtuhumu naye ana la kunyolewa. Pale ambapo kosa halijathibitika, upendo kwa mtu hauna budi kutangulia hukumu, na uovu wa kwanza kukataliwa ni tuhuma yenyewe.