Mpaka wa 1977: Uamuzi Ambao Wananchi Hawakuulizwa

Ijumaa ya tarehe 4 Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kesho yake, katika uwanja wa Amaan kule Zanzibar, TANU na ASP zilizikwa na Chama cha Mapinduzi kikazaliwa, miaka kumi kamili tangu Azimio la Arusha litangazwe. Vitabu vyetu huyaweka matukio haya mawili katika sura tofauti: la kwanza chini ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, la pili chini ya historia ya chama. Naona yanapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu yanaonyesha namna mbili za kuamua mambo ya watu. Kuhusu kuunganisha vyama, Mwalimu Nyerere alitoa pendekezo mwezi Septemba 1976, likashuka hadi matawini, wanachama wakalijadili na kutoa maoni, na mkutano mkuu wa pamoja ukapitisha uamuzi tarehe 21 Januari. Kuhusu mpaka, hakuna tawi lililoulizwa. Aliyekuwa na ng'ombe upande wa pili wa Namanga alipata habari kama alivyoipata aliyekuwa Mtwara, ambaye huenda hakuwahi kukanyaga Kenya maishani mwake.

Wengi hupenda kulieleza jambo hili kama ugomvi wa wakubwa watatu. Idi Amin alipindua serikali ya Obote nchini Uganda Januari 1971, Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka ya Marais, chombo kikuu cha Jumuiya, haikukutana tena. Kwa Kenyatta nako kulikuwa na tofauti ya siasa iliyokuwa ikikua tangu Kenya ilipochapisha waraka wake wa ujamaa wa Kiafrika mwaka 1965, waraka ambao kwa vitendo uliipa nafasi mitaji binafsi, huku Tanzania ikichukua njia ya kutaifisha. Yote hayo ni kweli. Lakini kalenda inakataa kwamba hiyo ndiyo sababu nzima. Kenyatta alifariki Agosti 1978. Amin alifukuzwa Kampala Aprili 1979. Kama mpaka ungekuwa umefungwa kwa chuki ya watu watatu, ungefunguliwa mwaka huo. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kilichoushikilia ni dola mbili zilizotawaliwa na vyama ambavyo havikulazimika kujibu kwa wale waliokuwa wakilipa gharama ya kufuli lile.

Mwenye kuitetea Tanzania atasema kwamba nchi ilikuwa na sababu za haki, na hoja yake si nyepesi. Kenya ilirithi kutoka kwa mkoloni viwanda vingi kuliko jirani zake na iliuza kwao zaidi ya ilichonunua. Mkataba wa Kampala wa 1967 ulibuni kodi maalumu ya kupunguza pengo hilo, na pengo likabaki. Reli na shirika la ndege, East African Airways, vyote makao yake yalikuwa Nairobi, ingawa bandari iliongozwa kutoka Dar es Salaam na posta kutoka Kampala. Watalii walitua Nairobi, wakapelekwa Serengeti na Ngorongoro kwa magari ya kampuni za Kenya, kisha wakarudi kulala na kutumia fedha Kenya. Shirika la ndege liliposimama mapema 1977 kwa madeni, Kenya Airways ilikuwa imeshasajiliwa Januari 22, na ndege za mali ya wote zikabaki uwanjani Embakasi. Aliyedhulumiwa ana haki ya kudai, na Tanzania ilizuia magari na ndege ndogo za watalii kwa nia hiyo. Ninachokikataa ni hatua iliyofuata. Dai la mgawanyo wa mali ni dai la serikali kwa serikali. Kumzuia Mkuria wa Sirari asivuke kwenda kwa wajomba zake Isebania, au Mdigo wa Horohoro asifike Lunga Lunga, hakukurudisha ndege hata moja.

Hapo hujitokeza pingamizi kubwa zaidi: kwamba Watanzania walimuunga mkono kiongozi wao. Walimuunga mkono, na sina shaka na mapenzi hayo. Heshima ya Mwalimu ilikuwa ya kweli, vijijini na mijini, na hata nje ya mipaka. Ni kiongozi aliyesema mwaka 1960 kwamba yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki zipate uhuru pamoja. Lakini tutazame mapenzi hayo yalipimwaje. Katika uchaguzi wa rais mpiga kura aliwekewa picha ya mgombea mmoja na kivuli. Aliyekubali alipigia picha, aliyekataa alipigia kivuli, na picha ilipata zaidi ya asilimia 90 kila mara. Kura ya namna hiyo inaweza kueleza kama watu wanamwamini mtu. Haiwezi kueleza wanataka jirani yao atendewe vipi. Kenya hata kivuli hakikuwepo: baada ya chama cha upinzani cha KPU kupigwa marufuku mwaka 1969, Kenyatta alipita bila kupingwa, na Moi naye baada yake. Basi kila upande ukaigeuza imani kwa kiongozi kuwa idhini ya kila uamuzi wake. Magazeti yalifanya kazi ya kuifunga hoja. Huku Mkenya akaitwa nyang'au, kule Mtanzania akachorwa mvivu anayengoja foleni ya sabuni. Aliyehoji kufungwa kwa mpaka alionekana anamhoji Mwalimu mwenyewe, na hilo ni wachache walioweza kulibeba.

Watu walijibu kwa miguu. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, sabuni na mafuta ya kupikia yalipita njia za panya kutoka Kenya, hata serikali ikaanzisha mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sitasema kwamba kila aliyebeba mzigo usiku alikuwa akipiga kura dhidi ya sera. Njaa ya bidhaa haina itikadi. Lakini mpaka unaohitaji askari wengi kuwazuia watu wa pande zote mbili wasiuziane sabuni si mpaka uliowekwa na watu hao.

Walioumia zaidi hawakuwa hata wa mpakani. Wafanyakazi wa Jumuiya, makarani wa posta, madereva wa treni, mafundi wa ndege, waliajiriwa na nchi zote na wakajikuta hawana mwajiri. Upatanishi wa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, ulizaa mkataba wa kugawana mali na madeni tarehe 14 Mei 1984, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa watu wake. Kwa Tanzania hesabu hiyo haikwisha. Wazee hao waliendelea kudai mafao yao mahakamani kwa miongo, na walifika mahali pa kuketi katikati ya barabara za Dar es Salaam, wakiwa na fimbo za kutembelea, wakizuia magari. Mtu aliyeingia kazini kijana mwaka 1965 alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, bado anaulizwa vielelezo vya ajira katika taasisi iliyokufa. Sioni namna ya kuyaita hayo maslahi ya taifa.

Mpaka ulifunguliwa kama ulivyofungwa. Nyerere, Moi na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani Uganda, walikutana Arusha Novemba 1983, wakakubaliana. Karibu na siku hizo serikali mbili zilibadilishana watoro: Kenya ikampata Hezekiah Ochuka, kinara wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, naye baadaye akanyongwa, Tanzania ikapata watuhumiwa wake wa njama ya kuipindua serikali. Mwananchi alifurahi kuvuka tena, lakini katika biashara ile hakuwa na kiti.

Swali lenyewe lilimfikia mwananchi 2006 na 2007, wakati nchi wanachama wa Jumuiya mpya, iliyofufuliwa baada ya ile ya zamani, zilipounda kamati za kukusanya maoni kuhusu kuharakisha shirikisho la kisiasa. Kenya na Uganda wengi waliafiki. Tanzania, kamati iliyoongozwa na Profesa Samuel Wangwe ilikuta wengi wanaikataa haraka hiyo, na hofu ya kupoteza ardhi ikiwa mbele kabisa. Wapo waliowalaumu kwa kukosa moyo wa umoja wa Mwalimu. Lawama hiyo inasahau kwamba watu walewale walipewa umoja mwaka 1967, wakanyang'anywa mwaka 1977, wakafunguliwa mpaka mwaka 1983, mara zote bila kuulizwa neno. Walipoulizwa walisema waende polepole, wakataja ardhi kwa jina, wakataja ajira. Hayo ndiyo masharti yao, na shirikisho litakaloundwa bila kuyajibu litakuwa na wadai wake tangu siku ya kwanza.