Shukrani kwa Ghala la Teso

Historia ya Teso, mashariki mwa Uganda, tumezoea kuieleza kwa pamba na plau. Ghala la nyumbani hatulitaji, ingawa ndilo lililowavusha watu. Hadi miaka ya 1980 akiba kubwa ya huko ilikuwa ng'ombe. Wizi wa mifugo na vita vilivyoanza 1987 vikaimaliza. Kisha, katika miaka ya 1990, batobato ikaangamiza mihogo. Viazi vitamu vikawa tegemeo. Lakini kiazi kibichi hakikai, na kikiachwa ardhini wakati wa kiangazi huliwa na fukusi. Kina mama walivikata vipande vyembamba, wakavianika juani: ndiyo amukeke, au michembe kama wasemavyo jirani zetu Wasukuma. Viazi vilivyopondwa kabla ya kuanikwa huitwa inginyo. Husagwa kupata unga wa atapa. Ni kazi ya kuchosha, na mvua moja isiyotarajiwa huharibu anikio zima.

Wanafunzi wetu wengine hukiita chakula cha shida. Nasi ujanani tulikionea haya, ilhali baadhi yetu tulimaliza shule kwa sababu ghala la mama lilikuwa bado na kitu mwezi wa nne. Eyalama noi, mama zetu.