Zebaki, Risasi na Samaki wa Maji Baridi: Historia ya Onyo na Lugha Yake katika Bonde la Ruvuma

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro karibu na Songea, hupokea maji ya Lugenda kutoka Msumbiji, kisha huingia Bahari ya Hindi kati ya Mtwara na Palma. Mto huo ni mpaka wa nchi mbili, lakini maji, tope na samaki havifuati mpaka. Makala hii inafuatilia historia ya maarifa kuhusu metali nzito katika samaki wa maji baridi. Hoja yake ni kwamba, kwa jamii za kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, mambo mawili yanapaswa kutangulia madhara: kipimo cha awali cha samaki, na onyo lililotungwa kwa lugha ya walaji.

Historia ya kisasa ya suala hili huanzia Minamata, Japani. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana uliripotiwa rasmi katika mji huo, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga maji taka yenye zebaki baharini. Mwaka 1965 ugonjwa huohuo ulibainika kando ya mto Agano, mkoani Niigata, miongoni mwa watu waliokula samaki wa mto. Serikali ya Japani ilikiri chanzo chake mwaka 1968, miaka 12 baada ya taarifa ya kwanza. Ilithibitika kwamba bakteria wa matopeni hugeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo hunasa katika nyama ya samaki na kuongezeka kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Kupika au kukausha hakuiondoi. Hupita kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, hata pale mama asipoonyesha dalili yoyote.

Katika Afrika Mashariki swali hilo lilikuja na dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita na maeneo jirani hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake huvutwa na waliopo, na mabaki huoshwa na mvua hadi mitoni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Japani walipima samaki na nywele za wakazi wa kanda ya Ziwa Viktoria. Samaki waliopimwa kwa jumla walikuwa chini ya viwango vya kimataifa. Hata hivyo, baadhi ya watu wasio wachimbaji walikutwa na zebaki nyingi, na chanzo kilichotajwa ni sabuni za kung'arisha ngozi. Bila vipimo hivyo, lawama ingewaangukia samaki na wavuvi.

Funzo hilo linahusu Ruvuma moja kwa moja. Wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu Lupilichi, kaskazini mwa mkoa wa Niassa, karibu na mpaka wa Tanzania. Montepuez, ambako rubi ziligunduliwa mwaka 2009, ni suala tofauti: kuosha mchanga ili kupata vito huchafua maji kwa tope, lakini hakuhitaji zebaki. Kuwapo kwa mgodi, basi, hakutoshi kuthibitisha sumu, na umbali wa mgodi hautoshi kuthibitisha usalama.

Wala viwango vya biashara havimkingi kila mlaji. Mwaka 1991 Tume ya Codex ilipendekeza kikomo cha miligramu 0.5 za zebaki ya methili kwa kilo ya samaki wasio wawindaji. Mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka kikomo cha ulaji cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mwanamke mwenye kilo 60 anaruhusiwa, kwa hesabu hiyo, mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki aliye kwenye kikomo hicho cha Codex cha mwaka 1991 humfikisha hapo kwa gramu 192 tu. Kwa mtu anayekula samaki kila siku, huo ni mlo mmoja au miwili.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno zebaki limetoka Kiarabu na linaeleweka kwa wachimbaji wa Tanzania. Ng'ambo ya pili lugha rasmi ni Kireno, ambacho kina neno jingine kabisa. Risasi, neno jingine la asili ya Kiarabu, hutaja metali na pia kinachotoka katika bunduki. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na lile la Palma la Machi 2021, maana ya pili ndiyo iliyo hai zaidi masikioni mwa watu. Onyo kwamba "samaki wana risasi" linaweza kuzua taharuki bila kueleza chochote kuhusu afya. Istilahi "metali nzito" nayo haimwambii mama aache samaki yupi na ale yupi.

Mkataba wa Minamata ulitiwa saini mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ikajiunga mwaka 2020. Kiambatisho chake cha C kinataka mipango ya kitaifa ya uchimbaji mdogo wa dhahabu iwe na mikakati ya kuzipa taarifa jamii zinazoathirika. Sharti hilo halitekelezwi kwa waraka usiosomeka. Inapendekezwa kambare na perege wapimwe katika kingo zote mbili za Ruvuma, pamoja na nywele za wanawake walio katika umri wa kuzaa. Matokeo yatolewe kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, yakitaja samaki kwa majina ya wenyeji na kiasi cha kuliwa kwa wiki. Pale samaki watakapoonekana salama, hilo nalo litangazwe waziwazi, kwa kuwa kuwanyima watu samaki bila sababu ni madhara pia.