Mlima wa Theluji Uliotupa Jina

Msomaji, wewe ukaaye Homa Bay au Migori, bila shaka hujapata kuona theluji ikikifunika kilima cha kwenu. Got Asego hupigwa na jua mwaka mzima. Walakini upande wa mashariki, mwendo wa zaidi ya kilometa 300, karibu na Ikweta ile ile ipitayo ziwani, upo mlima wenye barafu mithili ya ncha za dunia. Jina la mlima huo ndilo jina la nchi yako. Imekuwaje watu wa ziwani waitwe kwa jina la mlima wasiouona?

Mnamo 1844 alifika Mombasa mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alipomwuliza kiongozi wake juu ya kile kitu cheupe kileleni, kiongozi hakuwa na jina la theluji. Alidhani ni baridi tu. Usilolijua ni usiku wa giza.

Mwaka uliofuata Krapf alikwenda Ukambani, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri. Kivoi ndiye aliyemweleza kwamba uko mlima mwingine mweupe. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf akauona kwa mbali kutoka Kitui. Wakikuyu huuita Kirinyaga, na Wakamba Kiinyaa. Krapf akaandika alivyosikia: Kenia.

Habari hizo zilipofika Ulaya, baadhi ya wataalamu walizikataa. William Desborough Cooley wa London, ambaye hakukanyaga kamwe Afrika, alishikilia kuwa theluji haiwezi kukaa Ikweta. Hakutambua kwamba kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa izidivyo kuwa baridi. Ilipofika 1883 Joseph Thomson aliuona mlima kutoka Laikipia, na shaka ikaondoka.

Basi, ni nani aliyeuvumbua? Tukisema Krapf, tutamweka wapi Kivoi? Tuseme kwa haki kwamba Krapf aliutangaza Ulaya, bali wenyeji walikuwa wakiujua na kuuita kwa jina zamani. Linganisha na ziwa lenu. John Hanning Speke alipoliona mnamo 1858 alilipa jina la malkia wake, Victoria, hali Wajaluo huliita Nam Lolwe. Mlima ulibaki na jina la wenyeji, ingawa matamshi yaligeuzwa. Hata Halford Mackinder, aliyefika kilele cha juu kabisa, chenye meta 5,199, tarehe 13 Septemba 1899, alikiita Batian kwa heshima ya Mbatian, laiboni mkuu wa Wamasai.

Sasa tazama jinsi jina lilivyosafiri. Hadi 1902 sehemu hizi za Nyanza zilihesabiwa katika Himaya ya Uganda. Ndipo zikahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza iliigeuza himaya hiyo kuwa koloni na kuiita Kenya. Wazee wa ziwani hawakuulizwa. Lakini uhuru ulipopatikana, tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera mpya juu ya mlima huo. Tangu hapo jina lililowekwa na watawala likawa jina la wananchi wote, wa mlimani na wa ziwani.

Leo barafu ya Mlima Kenya imepungua sana kwa sababu ya joto la dunia kuongezeka, na yamkini itatoweka yote ungali hai. Jina litabaki. Kwa hiyo, usomapo kwamba fulani alivumbua mlima, mto au ziwa, uliza maswali mawili: nani alimwonyesha njia, na wenyeji walikuwa wakipaitaje? Kisha nenda kwa wazee wa kijiji chako, uwaulize majina ya vilima vyenu na maana zake, uyaandike kabla hayajasahauliwa.