Safu ya Lugha: Tikitaka

Siku hizi mtangazaji akisema "tikitaka", msikilizaji wa redio hajui kama mchezaji amejipindua hewani au timu inagongeana pasi. Kwetu neno hili lina maana yake ya miaka mingi: kuupiga mpira juu ya kichwa, mgongo ukielekea goli, miguu ikikata hewa. Bao la tikitaka ni hilo.

Tikitaka ya pili imetoka Uhispania. Ni mwigo wa sauti ya kugonga huku na kule, na aliyeieneza sana ni mtangazaji Andrés Montes wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Kisha Uhispania ikatwaa Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012, jina likasambaa kila mahali.

Basi kila timu inayokaa na mpira inaitwa ya tikitaka. Si sahihi! Kumiliki mpira ni kuwa nao tu. Mchezo ule wa Wahispania ni pasi fupi za haraka, wachezaji wakihamahama ili ukuta wa mpinzani ufunguke. Wahispania wenyewe walipiga pasi zaidi ya 1,000 katika kila mechi dhidi ya Urusi na Morocco kwenye Kombe la Dunia la 2018 na la 2022, wakatolewa kwa penalti mara zote mbili. Umiliki ulikuwapo, makali hayakuwapo.

Watangazaji wetu, tikitaka iacheni kwa mpira wa kujipindua. Kwa mchezo wa Wahispania semeni "pasi fupi fupi", au "kampa, kampa tena", ambayo mashabiki wanaielewa tayari.