Ufa mdogo mguuni, misimu miwili nje: mifupa ya unyayo na wachezaji wa kikapu

Joel Embiid, mzaliwa wa Yaoundé nchini Kameruni, alichaguliwa na Philadelphia 76ers mwaka 2014, akiwa wa tatu kati ya wachezaji wapya wa ligi ya NBA ya Marekani. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Oktoba 2016. Kilichomweka nje misimu miwili mizima ni mfupa mmoja mdogo wa mguu wa kulia, uliofanyiwa upasuaji mara mbili.

Mfupa huo huitwa navikula. Uko juu ya upinde wa unyayo, mbele kidogo ya kifundo. Mchezaji akiruka na kutua, navikula hubanwa na mifupa jirani, tena na tena, mpaka upate ufa. Si lazima aanguke. Maumivu huja akikimbia na kutulia akipumzika, kwa hiyo wengi huendelea kucheza. Hata picha ya eksirei huenda isionyeshe ufa huo mwanzoni. CT-scan au MRI huuona vizuri zaidi. Nawe ukiwa na maumivu ya namna hiyo yasiyoisha, usikimbilie kukandwa. Acha kukimbia, nenda ukapimwe.

Kinachochelewesha kupona ni damu. Mfupa hujiunga kwa lishe inayoletwa na damu, na katikati ya navikula damu hufika kidogo. Ndivyo ilivyo pia karibu na shina la mfupa wa tano wa unyayo, ule unaoelekea kidole kidogo. Hapo ndipo alipoumia Kevin Durant Oktoba 2014. Alitiwa skrubu, akarudi uwanjani Desemba. Februari alipasuliwa tena kwa sababu skrubu ilikuwa ikisugua mfupa wa jirani, na Machi ikaamuliwa apandikizwe kipande cha mfupa. Msimu huo alicheza mechi 27 kati ya 82, uliofuata, 72.

Baada ya upasuaji wa navikula, mgonjwa kwa kawaida hukaa wiki sita hivi au zaidi bila kuukanyagia mguu, akitembea kwa magongo. Kisha huvaa kiatu kigumu cha kuukinga. Mazoezi huanza kwa baiskeli isiyotembea au ndani ya maji, halafu kukimbia taratibu. Kuruka huja mwisho kabisa, na hapo ndipo subira huwashinda wengi, maana maumivu yamekwisha lakini mfupa haujakomaa. Embiid aliporudi, makocha walimpimia dakika za kucheza. Mwaka 2023 alitajwa mchezaji bora wa ligi.

Yao Ming wa China, mwenye urefu wa mita 2.29, hakubahatika hivyo. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mwaka 2008, ukavunjika tena 2009, akakosa msimu mzima uliofuata. Aliporudi alicheza mechi tano tu kabla ya mguu huohuo kupata ufa mwingine, kwenye kifundo. Julai 2011 alistaafu, akiwa na miaka 30.