Sekunde Moja kwa Siku Mia

Mtu akiiacha saa yake ya ukutani juma zima bila kuitazama, huikuta imekosa dakika mbili tatu, wala hasikitiki. Husogeza akrabu, yakaisha. Lakini palikuwa na seremala Mwingereza ambaye jambo hilo lilimnyima usingizi maisha yake yote.

Jina lake John Harrison, aliyezaliwa mwaka 1693 katika Yorkshire, akakulia kijiji cha Barrow. Hakufundishwa na fundi yeyote wa saa. Padre mmoja alimwazima maandishi ya masomo ya Cambridge, naye akayanakili yote kwa mkono wake. Mwaka 1713 alimaliza saa ambayo hata magurudumu yake yalikuwa ya mti.

Timazi ya saa ni ule ufito wenye uzito chini, ubembeao huku na huku. Joto likizidi, ufito hurefuka, na timazi ndefu hubembea polepole. Ndipo saa ichelewapo. Harrison akapanga fito tisa, nyingine za chuma cha pua, nyingine za shaba ya manjano, hivi kwamba zile za chuma zikirefuka kwenda chini, zile za shaba huuinua uzito kwa kadiri ile ile. Mafuta nayo, ambayo huganda na kuharibu mwendo, aliyaondoa: penye msuguano alitia mti mgumu wa Amerika wenye mafuta yake wenyewe, na kile kisukumacho timazi akakifanya mfano wa miguu ya panzi. Saa yake ya Brocklesby, ya karibu na mwaka 1722, imepita miaka 250 ikitembea.

Wengi wamjua kwa saa zake za baharini, hizo twaziacha. Mwaka 1775, mzee wa miaka 82, alitoa kitabu akidai kwamba saa ya timazi yaweza kutunza wakati isikose zaidi ya sekunde moja katika siku 100. Wakamcheka. Mafundi wakuu walishika timazi nzito ibembeayo kidogo. Yeye alitaka nyepesi ibembeayo mbali. Na kwa kweli kitabu chenyewe ni kigumu mno. Sisi hatuwalaumu sana waliokitupa. Mwaka uliofuata akafa.

Karne mbili baadaye fundi Martin Burgess alianza saa kwa kanuni zile zile, na mafundi wengine wakaimaliza. Twakiri kwamba baadhi ya madini yake hayakuwako siku za Harrison. Iliwekwa Greenwich, ikafungiwa sandukuni, ikatiwa lakiri asiiguse mtu. Mwaka 2015, siku 100 zilipotimia, ilikuwa imekosa sehemu tano za nane za sekunde moja. Harrison alikuwa amelala kaburini Hampstead miaka 239.